Maradhi Yana Jina

Nina ugomvi na marsiya zetu. Ugomvi wangu si juu ya vina wala mizani, maana watungaji wetu wanajua kupanga vina. Ni juu ya ubeti mmoja ambao haukosekani kila anapoliliwa mwanamke: ule unaotueleza kuwa marehemu aliugua "maradhi ya muda mrefu", akavumilia, hakulalamika, kisha siku yake ikafika. Baada ya hapo shairi hukimbilia duani. Msomaji hufunga ukurasa akiwa amejua kwamba marehemu alikuwa mama mwema, mkarimu na mcha Mungu, ila kilichomuua hajakijua. Nasema huo si ufasaha, wala si adabu. Ni kificho, na kificho hicho kinaua wanawake.

Nayaandika haya nikiwa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, katika mji ambao jina lake hufasiriwa kuwa ni amri: tupa uchawi. Najua watu wa pwani wakilisikia jina hili hucheka, kwani katika mizaha ya nchi yetu Sumbawanga ni mji wa wachawi. Na wacheke, lakini wasikilize. Mwanamke wa huku anapotokwa na damu isiyo ya mwezi, jirani husema karogwa. Mwanamke wa Unguja au Pemba anapotokwa na damu hiyo hiyo, jirani husema kapandwa na shetani, au kapigwa na husda. Mimi sioni tofauti ila ya lafudhi. Mfipa husafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi, Mpemba huvuka bahari, na kwa miaka mingi wamekuwa wakikutana katika veranda moja: ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, penye jengo la Wajerumani la mwishoni mwa karne ya 19 linalotazama maji. Kwa muda mrefu hapo ndipo palikuwa mahali pekee nchini penye tiba ya mionzi, mpaka Bugando ya Mwanza nayo ilipopata mashine zake. Basi jambo hili si la bara peke yake wala la visiwani peke yake.

Tulitaje, basi. Ni saratani ya shingo ya kizazi. Lugha haikutunyima jina. Saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, yule yule wa mikokoni, na waalimu wetu wa falaki wanalijua tangu zamani kuwa ni moja ya buruji za mbinguni. Wayunani na Warumi nao waliyaita maradhi haya kwa jina la kaa. Tumekuwa na jina hili mdomoni kwa karne nyingi; tulilolikosa ni ujasiri wa kuliweka ndani ya ubeti.

Na maradhi yenyewe hayana muujiza. Kwa makadirio ya wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, katika mwaka 2020 wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania walipata saratani hii, na zaidi ya 6,000 walikufa kwayo. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi kuliko hiyo nchini mwetu. Chanzo chake kinajulikana: ni virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na ambavyo watu wengi, wake kwa waume, hupata kuwa navyo wakati fulani wa maisha. Kwa wengi mwili huviondoa wenyewe. Kwa wachache hubakia, vikaigeuza shingo ya kizazi polepole, kwa muda wa miaka 10 hadi 20. Kwa mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI hatari huwa mara sita, na muda huwa mfupi zaidi.

Miaka 10 hadi 20! Huo ndio muda mrefu wa kweli, na ndio ambao marsiya zetu haziutaji. Haukuwa muda wa kuugua. Ulikuwa muda wa kuponyeka. Katika miaka yote hiyo muuguzi mwenye taa, pamba, na asidi nyepesi ya siki, ile ile inayotia ukali achari zenu, angeweza kupaka mahali pale na kungoja dakika moja hivi. Palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Na hapo penye weupe, mara nyingi huweza kutibiwa siku ile ile, kwa kugandishwa kwa baridi kali au kuunguzwa kwa joto, kabla saratani haijazaliwa. Tunamlilia mtu kwa beti hamsini, naye angeweza kuokolewa kwa siki.

Ikiwa hapakuwa na siki, hufuata haya. Simtaji mtu; naeleza njia ambayo wengi wameipita. Mwanamke wa Ufipa ana miaka arobaini na kitu. Amelima matuta ya mahindi na maharage tangu utotoni. Anaona damu baada ya kulala na mumewe, akadhani mwili unaelekea kukoma hedhi. Kisha huja maji yenye harufu, na hapo ndipo anapoanza kujitenga: kanisani hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, harusini haendi tena, vitambaa vyake huvifua usiku. Mume huhamia chumba kingine, pengine nyumba nyingine. Zahanati humpa vidonge mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, bila mtu kumpandisha kitandani na kumtazama. Mganga naye humpa mizizi. Siku anapopewa rufaa, ikiwa ametoka Muze au Mtowisa, bondeni mwa Rukwa, huanza kwa kuukwea ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ndipo alifuate basi la Tunduma, Mbeya, na ile njia ndefu ya kushuka pwani. Nauli ni ya watu wawili, maana haendi peke yake. Mionzi huchukua wiki kadhaa, katika mji asio na ndugu. Huku nyuma shamba linameza magugu.

Wengi hufika maradhi yakiwa yamekwisha kutoka mahali yalipoanzia. Saratani hubana mirija ya mkojo, figo zikashindwa kazi. Hutoboa kibofu, mkojo ukawa unatoka wenyewe. Miguu huvimba, kiuno huuma usiku kucha. Haya ni maneno mazito kwa jarida la ushairi, nami nimeyaleta hapa kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo yanapokosekana.

Na katika njia yote hiyo kuna dhuluma moja inayonikera kupita zote. Mwenye mwili ndiye wa mwisho kuambiwa. Daktari humwambia mume, mume humwambia kaka wa mgonjwa, kaka huwaambia wazee. Mgonjwa huambiwa ana "kidonda tumboni" na kwamba atapona. Wanamficha kwa huruma, wanasema. Lakini mtu asiyeambiwa kuwa anakufa hawezi kusema nani amlee kitinda mimba wake, wala ni deni la nani halijalipwa, wala anataka kuzikwa wapi. Wahenga walisema mficha maradhi, mauti humuumbua. Walimlaumu mgonjwa. Leo methali hiyo ituelemee sisi tulio wazima, kwani hakuficha yeye, alifichwa.

Mpenda ushairi wa pwani ataniambia: sisi si watu wa kufichua; tuna sitara. Namjibu kwa utendi anaoujua kwa moyo. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi wake mwaka 1858, mgonjwa, na hakuishi zaidi ya miaka miwili hivi baada ya hapo. Ndani ya utendi ule anamwambia binti kwamba ameugua mwaka mzima. Hebu tujiulize tumeufanyia nini ubeti huo. Kwa zaidi ya karne na nusu tumewafundisha mabinti zetu beti za kumpepea mume na kumtandikia. Tumezisoma harusini, tumezitungia mitihani. Ubeti wa mwanamke anayeuguza mwili wake mwenyewe tumeupita kama mtu anavyopita mlango wa jirani uliofungwa. Lakini bila ubeti ule utendi wenyewe usingekuwapo. Ni wasia wa mgonjwa. Mwana Kupona alijua hali yake, ndiyo maana alipata kusema. Sisi tunawanyima mama zetu hata kile alichokuwa nacho mwanamke wa Siu katika karne ya 19.

Sitara ni kitu chema. Sitara huulinda mwili usitazamwe na asiyestahiki. Haikuwekwa ili kulificha jina la maradhi kwa mwenye maradhi, wala kumzuia binti asijue kilichomuua mamaye. Na anayesema "ni kazi ya Mungu" namuuliza: je, rufaa iliyochelewa nayo ni kazi ya Mungu? Na chombo cha kupimia kisichofika zahanati? Dini zote mbili za nchi hii zimetuamuru kutafuta tiba. Tusimtwike Mwenyezi Mungu uzembe wetu.

Neno lingine ninalolishitaki ni "alivumilia". Hakuna sifa inayopewa mwanamke anayekufa kama hiyo. Lakini maumivu ya saratani yana dawa, nayo ni ya bei ndogo. Ni mofini ya maji. Uganda walilielewa hilo mapema: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dakta Anne Merriman mwaka 1993, hutengeneza dawa hiyo kwa kuchanganya unga wa mofini na maji, mgonjwa akainywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 nchi hiyo iliwaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Basi kila ninaposoma "alivumilia" huuliza kama chupa ile ilimfikia. Kama haikumfikia, hakuvumilia, aliachwa. Kumsifu mtu kwa mateso tuliyoweza kumwondolea ni kujisamehe wenyewe kwa vina.

Sasa niwageukie wale wanaojiona wamekwisha kuondokana na ushamba huu. Hao hawasemi "maradhi ya muda mrefu". Husema marehemu "alipambana na saratani kishujaa", kisha "akashindwa vita". Nimefanya kazi ya kufasiri kwa miaka mingi, nami nawaambia: hayo ni magazeti ya Kizungu yaliyovishwa kanzu. Profesa Wangari Maathai alipofariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011 kwa saratani ya ovari, tangazo la msiba nalo lilizungumzia mapambano. Kwangu mimi jambo kubwa katika kifo chake ni jingine. Alikuwa ameagiza asizikwe katika jeneza la mbao. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Basi likatengenezwa jeneza la mafunjo, magugumaji na mianzi. Huyo hakuwa askari aliyeshindwa. Alikuwa mwanamke aliyejua kuwa anakufa, akaagiza, akatiiwa. Maneno ya vita humgeuza kila anayekufa kuwa mshinde, na aliyepona kuwa shujaa, kana kwamba aliyepona hakupona kwa sababu alipimwa mapema na mwenzake hakupimwa.

Kuficha jina si ugonjwa wetu peke yetu. Mwaka 1951, huko Baltimore, Marekani, alifariki mwanamke mweusi wa miaka 31, Henrietta Lacks, kwa saratani hii hii ya shingo ya kizazi. Madaktari walichukua seli za uvimbe wake bila kumwomba ruhusa. Seli hizo hazikufa. Zimesambazwa katika maabara za dunia nzima, na kwa miaka mingi mwenyewe aliitwa kwa jina la uongo, Helen Lane. Katika miaka ya 1980 Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walivibaini virusi vya HPV vya aina ya 16 na 18 kuwa chanzo cha saratani hii, na vile vya aina ya 18 vilionekana pia ndani ya seli za Henrietta. Zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kaburi la Henrietta lilikaa bila jiwe la jina mpaka mwaka 2010. Kutokana na ujuzi ule ilipatikana chanjo, nayo imefika hata huku kwetu: Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja tu kwa wenye miaka 9 hadi 14.

Kisha nini? Kisha uvumi: chanjo inafunga kizazi. Uvumi huu una mpigo, una mzaha, husafiri haraka kuliko gari la chanjo. Umetungwa na watu wasio washairi na umewashinda washairi. Kwani sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tukitafuta neno zuri la kumaanisha kaburi.

Sisemi tugeuze mashairi kuwa mabango ya zahanati. Nasema ukweli nao una vina. Atakayemlilia mama yake, shangazi yake au mkewe katika kurasa hizi, na ikiwa familia imeridhia, ataje kilichomuua, aseme kama alipimwa, aseme kama aliambiwa, aseme kama alipewa dawa ya maumivu. Wahariri nao wakipokea marsiya yenye "maradhi ya muda mrefu" wamrudishie mtungaji na kumwuliza: maradhi gani? Na atakayesoma Utendi wa Mwana Kupona mbele ya mabinti, asiupite ule ubeti wa mwaka mzima wa kuugua. Autue hapo, anyamaze kidogo, kisha awaambie mabinti siku ya kupimwa na mahali pa kwenda.