Kabla hujakopa chumba cha baridi

Wiki hii kijana mmoja wa hapa Ndanda kaniletea daftari lake. Anataka mkopo ajenge chumba cha baridi, auze nyanya kwenye hoteli za Masasi mwaka mzima. Bei ya mashine kaiandika vizuri. Ya LUKU hakuiandika kabisa.

Mimi nimemwambia asikope kwanza. Niliwahi kupotosha watu kwa jambo hili. Kikundi kimoja nilikiambia mkishapata mashine mmemaliza. Wakawa wanachuma saa saba mchana, wanaingiza matenga ya moto, na mlango unafunguliwa kwa kila anayetaka kilo mbili. Kompresa haikupumzika. Uniti zikaisha kabla ya mwezi kuisha, na nyanya zikalegea vilevile.

Hesabu yenyewe ni ndogo. Nyanya ya mchana inaweza kuwa na nyuzijoto 32. Kuishusha hadi 12 ni nyuzi 20. Ukiichuma alfajiri ikiwa na 22, zimebaki 10. Kazi ya kuipoza imekuwa nusu na hujatoa hata mia.

Kwa nini 12? Wengi wanaweka 4, kama wanahifadhi nyama. Nyanya ambayo haijaiva ikikaa siku kadhaa kwenye baridi hiyo inaumia: haiivi vizuri, ladha inapotea, ukiitoa inaoza upesi. Yaani unalipia umeme ili uharibu mali yako! Mchicha ndio unaotaka baridi kali, kwa hiyo hivyo viwili visilale chumba kimoja.

Anza na kibanda cha tofali: kuta mbili, mchanga katikati, unaumwagia maji asubuhi na jioni, juu unaezeka nyasi. Kiangazi hewa ikiwa kavu kinapoza vizuri. Msimu wa mvua hakisaidii sana. Sisi wa Ndanda maji tunayo. Ninyi wa Newala, ambako maji yanapandishwa kwa pampu, hesabuni ndoo kwanza.

Chumba cha mashine kije baadaye, na kiwe cha kikundi, hata kwa ile asilimia 4 ya vijana ya halmashauri. Kikiwa nusu tupu bado kinakula umeme, maana joto linapita ukutani na mlangoni vilevile. Kijengeni kivulini. Mpira wa mlango ukichanika, badilisheni siku hiyohiyo.

Yule kijana anarudi Jumamosi. Nimemwagiza aje na majina ya hoteli, na kila moja inachukua kreti ngapi kwa wiki.