"Haijawahi Kutokea" Tangu Lini?

Kuna kalavati Kanyenye, hapa Tabora mjini, ambalo nimeliona likijengwa mara mbili na likibomoka mara mbili. Safari hii ya tatu mafundi walikuwa wanamwaga zege, na kando yao limesimama bango la mradi lenye kila kitu ambacho bango hutakiwa kuwa nacho: mkandarasi, mhandisi mshauri, chanzo cha fedha, gharama, siku ya kuanza, siku ya kukabidhi. Nilimwamkia mzee aliyekaa chini ya mwembe, "Mwangaluka, baba." Akaitikia, akaniacha nisome mpaka mstari wa mwisho, ndipo akauliza: "Sasa hapo wameandika wamelipimia mvua ipi?"

Hawakuwa wameandika. Tangu siku hiyo nimesoma mabango mengi ya barabara, madaraja na mitaro, na sijakutana na lililojibu. Nadhani lingepaswa kujibu, na kwamba mstari huo mmoja ungebadilisha namna tunavyogombana na serikali zetu kila masika.

Tabora kwa mwaka hupata mvua isiyofika milimita 1,000, karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Mwezi Julai hata wingu la kudanganya mtu hakuna. Lakini wastani wa mvua haujawahi kubomoa kalavati. Linabomolewa na alasiri moja. Takwimu tulizofundishwa shuleni ni za wastani, za watu wa katikati ya darasa. Kuna tawi lingine la takwimu linaloacha katikati yote na kuchukua kilele tu: mvua moja kubwa kuliko zote za mwaka huu, moja ya mwaka jana, moja ya mwaka juzi. Vilele hivyo hupangwa, kisha huulizwa swali gumu: kile ambacho hatujakiona bado kina ukubwa gani?

Hesabu hiyo ina deni kubwa kwa pamba. L. H. C. Tippett alikuwa mwanatakwimu wa utafiti wa viwanda vya pamba Uingereza, na kilichomsumbua ni uzi: uzi hukatikia pale palipo dhaifu kuliko kote, hata sehemu nyingine zote ziwe imara. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyelipwa kwa mikono ya merikani, kile kitambaa cha pamba, angemwelewa mara moja. Mwaka 1928 Tippett na mwanatakwimu mwenzake Ronald Fisher walionyesha jambo la ajabu kidogo. Uwe unapima nyuzi, mito au mvua, vilele vikishakuwa vingi hujipanga katika koo tatu tu. Wa kwanza una dari, yaani kuna kiwango kisichopitika. Wa pili hauna dari, lakini mkia wake hupungua upesi. Wa tatu una mkia mzito: makubwa hayaishi, na linalofuata laweza kulipita kwa mbali lililotangulia.

Ukoo wa pili umepewa jina la Emil Gumbel, na huyu anastahili kusimuliwa. Kabla ya kuandika kitabu chake kikubwa cha takwimu za vilele, kilichotoka 1958, Gumbel alijulikana Ujerumani kwa kuhesabu mauaji ya kisiasa. Mwaka 1922 alichapisha hesabu yake: mauaji 354 yaliyofanywa na watu wa mrengo wa kulia, 22 na wa mrengo wa kushoto, na jinsi mahakama zilivyowahurumia wa kwanza na kuwakomesha wa pili. Mwaka 1932 alifukuzwa chuoni Heidelberg, akaishia uhamishoni. Mhandisi anayechora daraja kwa kanuni ya Gumbel anatumia zana ya mtu aliyeamini kwamba namba ikishapatikana ni mali ya umma.

Turudi kwenye kalavati. Mhandisi huchagua mvua atakayoihimili. Kwa desturi ya kazi hiyo, kalavati dogo hupimiwa mvua ya miaka 10 au 25, daraja kubwa ya miaka 50 au 100. Na hapa ndipo lugha inapotuponza. "Mafuriko ya miaka 100" mtu akiyasikia anadhani yakishapita, wajukuu ndio watakaoyaona tena. Maana yake ni kwamba kila mwaka, bila kujali mwaka jana kulitokea nini, yana nafasi moja katika mia. Mtu akijenga nyumba kwenye bonde na kuishi humo miaka 30, nafasi ya kuyaona ni asilimia 26. Kalavati la mvua ya miaka 25 lina nafasi moja katika tatu ya kuzidiwa ndani ya miaka 10 ya mwanzo. Likizidiwa, huenda hakuna aliyeiba saruji. Na pia huenda aliiba. Bila kujua lilipimiwa mvua gani, na bila kujua ilinyesha mvua gani, mashitaka na utetezi vyote ni kelele.

Utetezi wetu tunaujua kwa moyo. Maji yakishaondoka, msemaji atasimama na kusema mvua hii haijawahi kutokea. Sasa, hesabu ya rekodi ni nyepesi kiasi kwamba inafaa kufundishwa darasa la saba. Kama miaka inafanana na haitegemeani, nafasi ya mwaka huu kuwa kilele cha vyote vilivyopimwa ni moja gawanya kwa idadi ya miaka. Kipima mvua chenye umri wa miaka mitano kitakupa "haijawahi kutokea" kwa nafasi moja katika tano. Chenye miaka 20, moja katika 20. Kituo kilichopima miaka 100 mfululizo kitaona rekodi kama tano tu katika maisha yake yote, tena ukihesabu na ule mwaka wa kwanza ambao ni rekodi kwa sababu haukuwa na mpinzani. Kwa hiyo anayesema "haijawahi" anapaswa kumalizia sentensi: tangu lini, na kwa kipima mvua kipi?

Wazee wana jibu lao la tangu lini. Ukitaja mvua kubwa, aliyekuwa na akili zake wakati ule atakutajia mvua za mwaka wa Uhuru. Hakosei. Mwishoni mwa 1961 ilinyesha Afrika Mashariki nzima, na Ziwa Viktoria, linalopimwa tangu 1896, likapanda karibu mita mbili na nusu kufikia 1964. Kilele cha Mei 1964 kilisimama zaidi ya nusu karne, mpaka Mei 2020 kilipopitwa kwa kiasi kidogo sana. Hayo ni mambo ya Kanyenye pia. Maji ya bombani tunayokinga hapa yanatoka ziwani humo, kutoka chanzo cha Ihelele mkoani Mwanza, kupitia Shinyanga na Nzega.

Ziwa ndilo linaloonyesha mahali hesabu inapoweza kumdanganya mwenye haraka. Mvua ya mwaka huu haiulizi ya mwaka jana, lakini kina cha ziwa huanzia pale kilipoachwa. Vilele vyake havijitegemei, na ukivitia kwenye kanuni kana kwamba ni kete zinazorushwa upya kila mwaka, utapata namba nzuri isiyo na maana. Watafiti wa Brussels wakiongozwa na Rosa Pietroiusti, katika kazi iliyochapishwa 2024, walilikwepa shimo hilo kwa kupima kasi badala ya kina: ziwa lilipanda kiasi gani ndani ya siku 180. Mpando wa kabla ya Mei 2020 waliukadiria kuwa wa miaka 63 kwa hali ya hewa ya leo, na kwamba joto la dunia limeuongezea uwezekano kwa mara 1.8. Mchango wa joto hilo katika mpando wenyewe ulikuwa sentimita 7. Zingatia: sentimita 7, katika mpando uliozidi mita moja.

Ninalisema hilo kwa sababu "haijawahi kutokea" siku hizi ina pacha wake, "ni mabadiliko ya tabianchi". Tabianchi inabadilika kweli, na ikibadilika ule mgawo wa moja kwa idadi ya miaka unavunjika: rekodi huja mara nyingi kuliko inavyostahili. Lakini kiasi hupimwa, hakitangazwi. Kundi la watafiti la World Weather Attribution lilikadiria kwamba mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 katika Pembe ya Afrika ziliongezewa nguvu hadi maradufu. Kundi hilohilo lilipopima za Machi hadi Mei 2024 za Afrika Mashariki, nyongeza ilikuwa kama asilimia 5, na kichwa cha ripoti yao kilinyoosha kidole kwenye upangaji wa miji. Aprili ile Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kwa mvua na maafa yake. Asilimia 5 haiwezi kubeba mzigo wote huo. Uliobaki ni wa mabonde tuliyojenga na mitaro tuliyoziba.

Kipima mvua cha miaka 20 kinaficha jambo jingine baya zaidi, nalo ni uzito wa mkia. Mwaka 2013 watafiti Simon Papalexiou na Demetris Koutsoyiannis walichambua kumbukumbu za vituo zaidi ya 15,000 duniani na kukuta mvua ya siku moja hufuata zaidi ule ukoo wa tatu, wa mkia mzito; ila kumbukumbu fupi hukufanya udhani mkia ni mwepesi. Kwa hiyo kumbukumbu fupi husababisha daraja dogo. Na sisi kumbukumbu zetu zina matundu. Wajerumani walianza kupima, Vita Kuu ya Kwanza ikazikata. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ikafa na Jumuiya mwaka 1977. Makaratasi yaliyobaki ni dhahabu, na ningependa kuyaona yakiwa wazi kwa mwanafunzi yeyote bila barua ya utambulisho.

Njia ya misafara nayo ina kumbukumbu zake, za kutumiwa kwa uangalifu. Iliishia Ujiji, na wasafiri waliopita hapa Tabora waliandika habari za maji ya Ziwa Tanganyika. Tunajua kwamba mnamo 1878 ziwa lilijaa hadi likavunja kizuizi kwenye mlango wa mto Lukuga, upande wa Kongo, kisha likashuka kama mita 10 katika miaka iliyofuata. Kilele hicho kilikuwa cha juu kuliko vya miaka hii ambavyo vimeingiza maji kwenye nyumba za Kigoma na Bujumbura. Mtu anaweza kukikimbilia kusema mbona zamani ilikuwa zaidi. Lakini ziwa la 1878 lilikuwa limezibwa mdomo, na la leo mdomo wake uko wazi. Vilele vya sababu mbili havichanganywi kapu moja.

Kisha kuna reli. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kama kilomita 1,250 za kuvuka kila kijito kinachokatiza. Tuseme ina madaraja 50, kila moja limepimiwa mafuriko ya miaka 50, na kila mto una mvua yake. Kila daraja peke yake ni salama kwa kiwango kinachokubalika. Nafasi kwamba walau moja litazidiwa mwaka huu ni asilimia 64. Ni uzi wa Tippett tena. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 maji yaliibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, mamia ya kilomita kutoka kwetu, na treni ya kutoka Dar es Salaam ikakosekana kwa miezi. Sasa tunajengewa ya kisasa, Makutupora hadi hapa, hapa hadi Isaka, hapa hadi Kigoma. Najua kasi yake. Ningependa kujua pia mafuriko yake.

Wahandisi niliowagusia suala la bango hawakulipenda, na hoja zao si za kupuuza. Wanasema namba itasomwa vibaya, wanasiasa wataidaka, na nchi maskini haiwezi kujenga kila kalavati kwa mvua ya miaka 100. Hii ya mwisho ndiyo hasa inayonifanya niitake namba. Uholanzi, baada ya bahari kuua watu 1,836 usiku wa kuamkia Februari mosi 1953, ilimpa mwanahisabati David van Dantzig kazi ya kupima gharama ya ukuta dhidi ya gharama ya kuzama. Hatimaye kiwango cha sehemu kuu ya Holland kikawekwa: nafasi moja katika 10,000 kwa mwaka. Sisi fedha zetu zinaweza kutosha moja katika 10 tu. Sawa, lakini huo ni uamuzi juu ya nani ataloa, na hivi sasa unafanywa ndani ya jedwali la mchoro ambalo diwani hajaliona.

Namba yenyewe haitakuwa kamili. Nimeeleza kwa nini. Iandikwe hivyohivyo na kasoro zake: mvua ya miaka 10, kwa kipima mvua cha miaka kadhaa, milimita kadhaa kwa saa. Mvua ikipita hapo, mkandarasi aachwe. Ikiwa chini ya hapo na kalavati limekwenda na maji, aitwe. Na mama mwenye genge pembeni mwa mtaro, akishajua kwamba kila mwaka maji yana nafasi moja katika kumi ya kumfikia, ataamua mwenyewe kama aongeze matofali mawili chini ya meza ya nyanya au ahamie ng'ambo ya barabara.