Hesabu Iliyoandikwa Nanasini

Atwaaye nanasi sokoni, kabla hajalitia kisu, na afuate kwa kidole safu za macho yake zipandazo kwa mshazari, naye aghalabu ataona kwamba upande mmoja safu ni 8, upande wa pili 13, na zile zilizosimama wima zaidi 21. Wala adadi hizo hazikuja kwa bahati nasibu, kwani kila moja ni jumla ya mbili zilizoitangulia: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21.

Mfuatano huu hunasibishwa na Leonardo wa Pisa, aliyejifunza tarakimu za Kihindi katika bandari ya Bugia, Aljeria, akatunga kitabu chake mwaka 1202. Lakini yapata nusu karne kabla yake, Hemachandra, mwanachuoni wa Bara Hindi, alikwisha kuzifikia adadi zizo hizo kwa kuhesabu njia za kupanga silabi fupi na ndefu katika ubeti. Habari hii hunigusa mno, maana sisi, ambao washairi wetu hupima mshororo kwa mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, tumewaacha watoto waidhanie hesabu kuwa adui wa lugha.

Kwa rai yangu, mwalimu na aanze na nanasi, aeleze kwamba mmea hauhesabu, bali kila chipukizi huota penye nafasi kubwa zaidi, takriban nyuzi 137 kutoka lile lililotangulia, hata adadi zikajidhihiri zenyewe. Ndipo alama za ubaoni zifuate, zikiwa maandishi ya jambo ambalo mtoto amekwisha kuligusa kwa kidole.