Aliyepona Malaria ya Ubongo Asisahauliwe Darasani

Vifo vya malaria huhesabiwa kila mwaka, na hesabu hiyo ni ya lazima. Lakini mtoto wa Handeni aliyezimia siku mbili kwa malaria ya ubongo, kisha akazinduka na kurudishwa nyumbani mgongoni mwa mama yake, huandikwa kuwa amepona, na habari zake huishia hapo. Kwa maoni yetu neno hilo hutumika mapema mno, na wa kwanza kulitambua hilo aghalabu si mganga bali ni mwalimu.

Ganda la nje la ubongo, pamoja na viini kadhaa vilivyo ndani kabisa, ni sehemu ya kijivu, yenye miili ya chembe za neva. Sehemu nyeupe ni nyuzi zipelekazo habari baina ya chembe hizo. Katika nchi za baridi umezagaa zaidi ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, ambao kinga ya mwili yenyewe hushambulia utando wa mafuta unaozifunika nyuzi. Kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa sehemu nyeupe tu. Sasa imedhihirika kwamba sehemu ya kijivu nayo hudhurika, hata mgonjwa anayetembea vizuri aweza kuwa msahaulifu na mzito wa kufikiri.

Kwetu ugonjwa huo ni nadra, ila madhara ya namna hiyo hatuyakosi. Katika malaria ya ubongo, chembe nyekundu za damu zilizoingiwa na vimelea hunata katika kuta za mishipa midogo mno ya ubongo. Damu hupita kwa shida, oksijeni hupungua, na ubongo huweza kuvimba. Picha za ubongo walizopigwa watoto wagonjwa huko Blantyre, Malawi, zilionyesha athari katika sehemu ya kijivu, hususan vile viini vya ndani, na katika nyeupe pia. Huko Kampala, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba miaka miwili baada ya kuugua, mtoto mmoja hivi katika kila wanne alikuwa na upungufu wa kukumbuka, kuzingatia au kujifunza.

Korogwe ina sehemu yake ya heshima katika vita hivi. Pamoja na Teule, Muheza, ilishiriki katika jaribio lililotangazwa mwaka 2010, la watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika. Waliotibiwa kwa kwinini walikufa 10.9 katika kila 100. Waliopewa artesuneti, 8.5. Ushindi huo si mdogo. Hata hivyo, kuhusu ulemavu wa neva uliobaki kwa walionusurika, haikuonekana tofauti ya maana baina ya dawa hizo mbili. Basi dawa bora huokoa roho nyingi zaidi, na baadhi ya waliookolewa watahitaji msaada ambao bado hatujauandaa.

Zamani degedege ilisingiziwa shetani au ndege wa usiku, na wako waliomkataza mgonjwa sindano. Imani hiyo imepungua. Lakini mwanafunzi mwenye kifafa kilichoanzia katika homa ile bado huweza kutengwa dawatini, na mwenye kusahau huitwa mvivu na kuchapwa. (Si kila mwenye kusahau aliugua malaria: njaa, macho na masikio yachunguzwe kwanza.)

Kadi ya kliniki ya mtoto ina nafasi ya uzito na chanjo. Wizara ingeagiza uongezwe mstari mmoja: alizimia kwa malaria, tarehe fulani, kwa muda fulani. Mtoto huyo aitwe hospitalini tena baada ya miezi kadhaa apimwe kusikia, kusema na kukumbuka, na mzazi aipeleke kadi hiyo shuleni siku ya kuandikisha.