Mafuta Hupimwa Ndege Ikiwa Chini

Ndege ndogo ikianguka kwa sababu injini imepoteza nguvu, wengi wetu huwa wepesi wa kusema kwamba ni bahati mbaya, au kwamba rubani alikuwa mzembe. Kauli zote mbili hufunga mjadala mapema. Ajali iliyomuua mwimbaji wa Marekani, John Denver, tarehe 12 Oktoba, 1997, yafaa itazamwe tena na kila mwenye dhamana.

Denver hakuwa mwanafunzi wa urubani. Alikwisha kuruka kwa zaidi ya saa 2,700. Lakini ndege aliyoirusha siku ile huko Monterey, California, ilikuwa ngeni kwake. Ilikuwa ya aina ya Long-EZ, iliyobuniwa na Burt Rutan ili watu binafsi wajiundie wenyewe kwa kufuata michoro. Michoro iliagiza kwamba koki ya kubadilisha tangi la mafuta iwe mbele ya rubani, katikati ya miguu yake. Muundaji wa ndege hii, kwa nia njema kabisa ya kutopitisha mafuta mahali anapokaa rubani, aliihamishia nyuma ya bega la kushoto. Vipimo vya mafuta navyo vilikuwa nyuma ya kiti, tena bila alama.

Kabla ya safari, fundi alimweleza kwamba tangi la kulia lilikuwa na mafuta yasiyofika nusu, na la kushoto yasiyofika robo. Walijaribu kurefusha mkono wa koki kwa koleo, wakashindwa. Fundi akampa kioo kidogo cha kutazamia vipimo. Denver akasema hahitaji kuongeza mafuta, kwani angeruka kwa muda wa saa moja hivi.

Hapo ndipo pa kuzingatia. Kasoro ilionekana mchana kweupe, ikatafutiwa dawa ya koleo na kioo, kisha ndege ikaruka. (Ni ofisi ngapi zinazoendeshwa kwa koleo na kioo?) Kanuni za Marekani humtaka rubani anayeongozwa na macho yake awe na akiba ya mafuta ya dakika 30 mchana, na 45 usiku. Lakini akiba iliyomo katika tangi la pili haina faida ikiwa koki haifikiki.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilibaini kwamba ili kuifikia koki ile rubani alilazimika kugeuza mwili, na katika kugeuka mguu wa kulia ukakandamiza kanyagio, ndege ikapotoka na kuanguka baharini. Taarifa yake haikuishia kwa marehemu. Ilitaja kutojaza mafuta na kutoizoea ndege. Ikataja vilevile uamuzi wa kuihamisha koki, na vipimo visivyo na alama. Wapo wadaio kwamba kugawa lawama namna hiyo ni kumkinga rubani. Hawajatueleza, basi, ni nani angeiondoa koki nyuma ya bega la rubani anayefuata.