Nguvu Kwanza: Ilani ya Wenye Sukari na Tansio wa Bunia

Sisi tunaoandika ilani hii ni watu wa Bunia tunaoishi na magonjwa ya kudumu. Wengine tuna sukari, wengine tansio, wengi tuna vyote viwili. Wamo wenye pumu, wamo wenye virusi vya ukimwi wanaokunywa dawa zao kila siku bila kuruka, wamo wenye magoti yanayouma tangu asubuhi. Tunatoka Mudzi Pela, Nyakasanza, Sukisa, Lumumba na Rwambuzi, na wengine wanatoka chini ya maturubai ya Kigonze. Ni Wahema, Walendu, Waalur, Wabira, Wanande, Walugbara. Sukari haikumuuliza mtu kabila lake ilipomwingia, na sisi hatutamuuliza anapokuja kusimama nasi.

Leo tunaanzisha harakati yenye dai moja: mtu mwenye ugonjwa wa kudumu ana haki ya kuwa na nguvu. Kupunguza kilo kumo ndani ya dai hilo, lakini si kwake tunakoanzia, na tunataka ieleweke kwa nini.

Katika mji huu mwili mnene una historia. Mei 2003, wanamgambo walipoipigania Bunia mtaa kwa mtaa, mpaka kikosi cha Artemis kikaletwa mwezi wa Juni, watu walikula walichookota, na wengi hawakuokota kitu. Amani iliporudi kidogo, waliobaki hai walianza kunenepa, na kila kilo iliyorudi ilipokelewa kwa shukrani. Hata sasa, mama akimwambia binti yake aliyeolewa kwamba amenona, anamaanisha kwamba huko aliko anatunzwa. Miaka ya ukimwi usio na dawa nayo ilitufundisha kumwogopa mtu anayekonda ghafla. Kwa hiyo mwanamke akianza kutembea na kupunguza bugali kwa shauri la daktari, nguo zikaanza kumpwaya, kartie nzima inanong'ona. Ana nini? Mume hamlishi? Biashara imeanguka? Wako waliorudia soda na mandazi ili majirani wanyamaze.

Majirani hao hawana ubaya, na wala hawajakosea kabisa. Sukari isiyotibiwa hukondesha. Mwili unaposhindwa kuitumia sukari iliyomo kwenye damu, hugeukia mafuta yake na misuli yake wenyewe na kuyala. Mtu anakunywa maji na kiu haikatiki, anaamka mara kwa mara usiku kukojoa, mkanda wake unaongezwa matundu. Huyo anaweza kupoteza kilo 10 na akasifiwa, ilhali yuko hatarini. Njaa nayo hushusha kilo, huzuni hushusha kilo, kifua kikuu hushusha kilo, na mwenye sukari yuko katika hatari ya kifua kikuu mara mbili au tatu zaidi ya asiye nayo. Mizani haiwezi kututofautishia haya yote.

Lakini hakuna ugonjwa unaomwezesha mtu kuinuka kitini bila kushika kitu, mtu ambaye mwezi uliopita alihitaji mkono wa mjukuu wake. Hakuna njaa inayomwezesha mama kubeba bidoni ya lita 20 kutoka bombani mpaka nyumbani bila kuitua njiani. Ndiyo maana tunaanza na nguvu. Tutapima uzito na kiuno, ndiyo, kwa sababu tansio hushuka takribani pointi moja kwa kila kilo inayopungua kwa njia nzuri. Ila kipimo chetu cha kwanza ni kile ambacho mwili unaweza kufanya leo na jana haukuweza.

Tunakataa kuitwa wavivu. Wengi wetu tulikulia kwenye jembe, huko Djugu na Irumu, katika mashamba ya maharagi, mihogo na viazi. Tulitembea kwenda shambani alfajiri, tukainama kutwa, tukarudi na kuni kichwani. Vita vilivyowaka tena Djugu mwishoni mwa 2017 vilitutoa huko. Mkulima akaja mjini, akakodi chumba au akapewa turubai, akaanza kuuza mkaa, mafuta ya mawese au chumvi. Sasa anakaa kwenye kibao kuanzia asubuhi hadi jioni. Akienda mbali anapanda moto, kwa sababu njia za miguu zina watu anaowaogopa. Sahani yake imebaki ya mkulima na kazi yake imekuwa ya mtu wa kukaa. Hapo ndipo kilo zilipotoka, na tansio, na sukari kwa wengi. Anayetuambia tuache ulafi hajui tulikotoka, wala hajui jembe lilitufanyia nini hata bila sisi kujua.

Lilitulindia misuli, na misuli ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini. Baada ya kula, sehemu kubwa ya sukari inayoingia kwenye damu hupokelewa na misuli, na misuli inayofanya kazi huivuta hata pale insulini inapokuwa imechoka. Ghala likisinyaa, sukari inabaki njiani, inaharibu macho, figo na mishipa ya miguu. Mwenye sukari anayekonda kwa kujinyima tu, bila kazi ya misuli, anapoteza mafuta na ghala pamoja.

Haya tunayoyasema si mambo tuliyojitungia. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kuugua sukari. Waliotembea dakika 150 kwa wiki na kupunguza sehemu ndogo ya uzito wao walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58; waliopewa metformini, kwa asilimia 31. Mwaka 2017 Waingereza walionyesha kwamba watu ambao tayari walikuwa na sukari kwa miaka michache, wakipunguza uzito mwingi chini ya uangalizi, karibu nusu yao walifika mwaka mmoja bila dawa na sukari yao ikiwa shwari. Hatuahidi hilo hapa. Wale walipewa chakula maalumu na wauguzi wa kuwafuata kila mara, nasi hatuna. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020, ambao kwa mara ya kwanza ulitaja wazi watu wenye magonjwa ya kudumu, unatupa kiasi tunachoweza kukifikia: dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kazi ya misuli siku 2 au zaidi.

Kwa hiyo tutatembea, na tutafanya kazi ya misuli. Hatuhitaji jumba la vyuma. Kiti kinatosha: kaa, simama, mikono kifuani, mpaka mapaja yachoke. Ukuta unatosha: usukume kwa mikono miwili, rudi, sukuma tena. Bidoni mbili za lita 5 zilizojaa maji zinatosha kwa mabega na mgongo. Anayeanza ataanza na dakika 10, na hakuna atakayechekwa. Anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba anapotembea, huyo mwendo wake ni sawa.

Mwili wenye ugonjwa una masharti yake, na harakati yetu itayashika kama sheria. Mwenye tansio iliyopanda kufika 180 kwa 110 hafanyi mazoezi siku hiyo. Anaenda kwa muuguzi. Anayebeba kitu kizito asizuie pumzi, maana pumzi iliyozuiwa hurusha tansio juu. Anayejichoma insulini au kumeza glibenklamidi asije bila kula, na awe na sukari au pipi mfukoni. Akitetemeka, akitoka jasho baridi au akianza kuchanganyikiwa, mwenzake ampe sukari mara moja na mengine yafuate baadaye. Kandambili hatutaki: mwenye sukari anaweza kukanyaga msumari asiusikie, na kidonda kidogo cha mguu kimekwisha kuondoa miguu mingi. Kila mmoja akague nyayo zake jioni, na asiyeweza kuziona akaguliwe na mtoto wake. Wenye ugonjwa wa seli mundu waende polepole, wanywe maji mengi, wasishindane na mtu. Maumivu ya kifua hayavumiliwi, yanapelekwa hospitali.

Juu ya dawa tunasema kwa sauti kubwa kuliko mahali pengine popote: hakuna mtu atakayeacha dawa kwa sababu amejiunga nasi. Nguvu zikiongezeka na kilo zikipungua, daktari ndiye atakayepunguza vidonge, baada ya kupima. Tunaheshimu maombi, wengi wetu ndiyo tunayoyaanzia siku. Lakini tumezika watu waliotupa vidonge vya tansio baada ya kuambiwa kwamba wamepona kwa imani, na wengine waliobadilisha insulini kwa chupa ya mizizi sokoni. Kabla ya 1922, insulini ilipotumika kwa mgonjwa wa kwanza huko Toronto, mtoto aliyeugua sukari alisubiri kufa tu. Wachungaji na mapadri wetu, tunawaomba mseme madhabahuni kwamba kumeza dawa si kukosa imani. Sauti yenu inafika mahali ambapo ya daktari haifiki.

Na asiye na friji asikate tamaa. Katika kambi ya Dadaab, Kenya, Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva waliipima insulini iliyokaa nyumbani katika joto linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37, na mwaka 2021 wakachapisha kwamba ilidumisha nguvu yake kwa wiki 4. Bunia yetu iko juu, zaidi ya mita 1,200, na hewa yake ni ya ubaridi kuliko ya Dadaab. Chungu chenye maji, kivulini, ni msaada wa kweli kwa mtu wa Kigonze.

Chakula hatutakiagiza kutoka mbali. Maharagi, lengalenga, sombe, samaki wa Ziwa Albert wanaopandishwa kutoka Tchomia na Kasenyi: hiki ni chakula kizuri kwetu. Tunachobadilisha ni kiasi. Mboga zichukue nusu ya sahani, bugali robo, maharagi au samaki robo. Mawese yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Makayabu yalowekwe na maji yamwagwe mara kadhaa, na kibe cha mchuzi kipunguzwe, kwani chumvi ya siku nzima haipaswi kupita kijiko kimoja kidogo. Hatutaki mama apike vyungu viwili, kimoja cha mgonjwa na kimoja cha wazima. Nyumba nzima ile chungu kimoja, maana watoto wa mgonjwa wa sukari wamo hatarini kuliko wengine. Na kwenye ndoa na matanga, anayeomba maji badala ya soda asiulizwe sababu wala asionekane ana kiburi.

Tuna madai kwa wenye mamlaka. Kila mtu mzima anayeingia kituo cha afya, hata kwa malaria, apimwe tansio, na mwenye dalili au unene apimwe sukari. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye sukari Afrika hawajui kwamba wanayo. Agosti 2022, huko Lomé, mawaziri wa afya wa Afrika walipitisha mpango wa kupeleka matibabu ya magonjwa makali ya kudumu, ikiwemo sukari ya watoto na seli mundu, katika hospitali za ngazi ya chini. Tunataka mpango huo uonekane katika hospitali za Ituri, kwa dawa na kwa wauguzi waliofundishwa. Mashirika yanayohudumia wakimbizi wa ndani, ambayo tunayashukuru kwa chanjo na kwa vita dhidi ya kipindupindu, yaweke metformini, insulini na dawa za tansio katika masanduku yao. Mtu aliyekimbia Djugu usiku hakupata nafasi ya kuchukua vidonge vyake.

Tusiambiwe kwamba watu wetu hawabadiliki. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini na kisha kufika kwetu Ituri, tuliacha kusalimiana kwa mikono, tuliweka ndoo za klorini kila mlangoni, tukabadilisha hata namna ya kuzika, jambo lililotuuma kuliko yote. Mpaka ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Tulibadilika kwa sababu tulikuwa pamoja na tuliona hatari. Tansio haitangazwi redioni kila asubuhi, lakini nayo inaua, na inaua kimya.

Tunamwomba meya wa mji atupe kipande cha Boulevard de Libération kila Jumapili, saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi, bila moto wala gari, na polisi wa kutulinda, ili mama wa miaka sitini atembee bila hofu. Watu wa moto, ni saa moja tu kwa wiki; na ninyi pia mnakaa kutwa nzima, njooni.

Wakati tunasubiri jibu, tutaanza kwenye kartie, katika viwanja vya makanisa na vya shule vitakavyotufungulia milango, kabla ya misa na ibada. Njoo na viatu vilivyofunga mguu, maji ya kunywa, kadi yako ya hospitali, na mtu mmoja wa nyumbani kwako. Asiyeweza kusimama atafanya mazoezi akiwa amekaa. Hakuna kiingilio. Mashine ya kupima tansio tutainunua kwa likelemba, kila mmoja akitoa franka anazoweza. Mpaka ipatikane, kila mtu apime kwenye kituo kilicho karibu naye kabla ya kuja, na aiandike namba yake.