Tangazo letu lililo bora halikulipiwa hata franga moja

Huku kwetu Masisi, siku ya mechi kubwa ya Ulaya hakuna anayeuliza vijana wako wapi. Wako kwenye kibanda cha video. Mwenye kibanda anawasha jenereta, kila mmoja anatoa franga zake, watu wanabanana kwenye mbao. Na kwa miaka mingi, hata kabla ya mpira kuanza, tumekuwa tukisoma maneno yale yale kwenye mkono wa jezi ya Arsenal: Visit Rwanda, yaani tembeleeni Rwanda.

Mkataba ule ulianza mwaka 2018. PSG ikafuata mwaka 2019, Bayern Munich mwaka 2023. Kila nchi ina haki ya kutafuta watalii, hilo sikatai. Lakini wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba jeshi la Rwanda linaunga mkono M23, jambo ambalo Kigali inakanusha. Sasa fikiria mama aliyekimbia Rubaya mwaka 2024, au kijana aliyeingia porini Machi 2025 wakati Walikale-centre ilipotekwa. Atalisoma vipi tangazo lile?

Februari 2025, waziri wetu wa mambo ya kigeni, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia timu hizo tatu akiziomba ziachane na mikataba hiyo. Agosti mwaka huohuo Bayern iligeuza mkataba wake ukawa wa kulea vipaji vya vijana. Novemba, Arsenal ilitangaza kwamba wake utaisha mwisho wa msimu, Juni 2026. PSG yenyewe imeongeza hadi 2028.

Kumbe Kinshasa nayo ilikuwa imeingia soko hilohilo. Katikati ya mwaka 2025 ilitia sahihi na AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona. Ule wa Barcelona ni wa miaka minne, na magazeti yaliandika kwamba unapita milioni 40 za euro. Maneno ni haya: RD Congo, Moyo wa Afrika.

Wengine wanasema ni vizuri, tumejibu. Mimi naona tumejibu kwa kuiga. Mtalii akivutiwa na jezi ya Barcelona na kutaka kuona misitu ya Walikale, tutamupitisha wapi? Barabara kutoka Sake hadi Walikale tunaijua sisi tunaoipanda kwa motari, tukishuka kila mara kusukuma kwenye matope. Hapo sijataja vizuizi vya watu wenye silaha. Duka halijajengwa, bango tumeshalipia.

Tena, tangazo letu lililo bora tulikuwa nalo tayari. Februari 7, 2024, kule Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire, Leopards walisimama kuimba wimbo wa taifa. Kila mchezaji aliziba mdomo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akaelekeza vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki. Maana yake: tunauawa na dunia imenyamaza. Mechi tulipoteza, 1 kwa 0. Lakini picha ile ilizunguka dunia nzima, na watu wengi wa mbali walianza siku hiyo kuuliza: mashariki ya Congo kuna nini?

Hakuna kampuni iliyoitengeneza, hakuna aliyelipwa. Iliaminiwa kwa sababu ilikuwa kweli.

Sisemi mikataba ivunjwe. Franga zikishatoka hazirudi kirahisi. Nauliza jambo moja. Barcelona ilisema mkataba una kambi za michezo kwa watoto wa Congo. Waziri wa michezo atuambie: ni watoto wangapi wa Masisi na Walikale wamo ndani ya hesabu hiyo? Vijana wetu wanacheza bila viatu, kwa mpira wa mifuko na kamba. Wabunge wapeleke swali hilo Kinshasa, na jibu likija tutalisoma hapa.

Vijana wa kibandani wamekwisha soma majina ya nchi mbili kwenye jezi za wazungu. Bado hawajaona chochote kilichoandikwa kwa ajili yao.